Wiki moja haitoshi kuuhukumu mfumo wa zamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mwandishi aliyetushauri majuzi kwamba mifumo yote ya kompyuta iliyovuka miaka kumi katika taasisi zetu itupwe, inunuliwe mipya. Aliandika kwa uchungu baada ya kukaa foleni mwisho wa mwezi akiambiwa, "Mfumo uko chini, mzee, subiri kidogo." Foleni ile naijua vizuri, na muda wake uliopotea unaniuma. Ila mimi huitazama kutoka upande wa pili wa dirisha.

Nina miaka 53, ni mkazi wa Morogoro. Nilifundisha hisabati sekondari kwa miaka 11, na tangu mwaka 2011 nimeajiriwa na chama kimoja cha akiba na mikopo cha watumishi, chenye wanachama wapatao 3,000. Nilianza kama karani wa kumbukumbu. Fundi aliyeuandika mfumo wetu mwaka 2009 alipohamia kwingine, mimi ndiye niliyekuwa nimekaa naye muda mrefu kuliko wenzangu, basi mfumo ukabaki mikononi mwangu. Kuandika programu nilijifunza usiku nyumbani, watoto wakishalala. Ofisini mpaka leo wananiita Mwalimu.

Kazi yangu ni kuutunza mfumo uliopo: hisa, akiba, mikopo, riba, marejesho. Watu wengi hawajui hata kama kazi hii ipo. Wanadhani programu ikishaandikwa imekwisha, halafu inachakaa kidogo kidogo kama tairi la daladala, hadi siku ya kuitupa. Sivyo inavyokuwa. Mstari wa msimbo, yaani maandishi ya programu, ulioandikwa 2009 unafanya leo kilekile ulichofanya siku ile. Kinachosogea ni dunia inayouzunguka. Ilikuja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, taarifa zetu zikabidi zibadilike. Ikaja namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20, wakati sehemu ya kitambulisho kwenye kanzidata yetu ilikuwa na nafasi 15. Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, na kabla hatujaizoea, Septemba viwango vikapunguzwa. Kila mara tunafungua, tunaongeza, tunafunga.

Meir Lehman, mtaalamu wa programu, alianza kuyachunguza mambo haya akiwa IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha akawa profesa Imperial College, London. Yeye na mwenzake Laszlo Belady walifuatilia OS/360, mfumo endeshi wa mashine kubwa za IBM, toleo baada ya toleo, wakipima unavyokua na ni sehemu ngapi zake zinaguswa kila mara. Walichokuta ni kwamba programu inayotumika katika maisha ya watu lazima iendelee kubadilishwa, la sivyo manufaa yake yanapungua. Na kadiri inavyobadilishwa ndivyo inavyozidi kujaa mafundo, isipokuwa mtu atenge muda wa kuyafungua. Kwa hiyo hata huo mfumo mpya anaoutaka ndugu yangu mwandishi utaingia safari hiyohiyo siku ya kwanza tu utakapowashwa.

Nimeshika kalamu hasa kwa ajili ya kijana mmoja.

Mwaka 2018 tulikuwa na kijana wa mkataba, ametoka chuoni karibuni, mtaratibu, kazi yake safi. Utaratibu wetu ni kwamba kila hitilafu inayotokea dirishani keshia anaiandika kwenye fomu: salio halilingani, stakabadhi imetoka mara mbili, marejesho yameingia kwa jina la mtu mwingine. Fomu zinakusanywa Ijumaa. Wiki moja ya mwezi Mei zilifika 16, na mojawapo ilimhusu mjumbe wa bodi, ambaye mkopo alioumaliza zamani ulionekana bado anadaiwa. Jumatatu kikaitwa kikao. Kwa kuwa kijana alikuwa ameweka toleo jipya la programu wiki hiyohiyo, hakuna aliyeuliza zaidi. Mkataba wake ulikuwa unaisha Juni. Ukaamuliwa usifanywe upya. Ijumaa iliyofuata fomu zilikuwa 7. Meneja akasema mbele yetu sote, "Mmeona? Dawa imefanya kazi."

Nilikaa kimya. Sikuwa na cha kusema ila moyo ulikataa. Jioni nikabeba faili la fomu hadi nyumbani, nikafungua kaunta buku mpya, nikaanza kuhesabu kurudi nyuma wiki hadi wiki, wiki 24.

Marehemu baba yangu alikuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha nguo hapa mjini, enzi ambazo king'ora cha kiwanda ndicho kilichotuamsha kwenda shule. Ukutani kwake palikuwa na karatasi ya grafu, na kila saa alitia nukta: nyuzi ngapi zimekatika. Palikuwa na mstari katikati, mwingine juu, mwingine chini. Siku moja nilimpelekea chakula nikaona nukta imeruka juu sana, nikamuuliza mbona haendi kuitengeneza ile mashine. Akanijibu, "Mashine inapumua, mwanangu. Ukiikimbilia kila inapopumua utaiharibu. Ikimbilie ikikohoa." Nilikuwa na miaka kumi na kitu. Nilielewa maneno yake usiku ule wa 2018, nikiwa na kaunta buku mapajani.

Jumla ya hitilafu katika wiki 24 ilikuwa 216, yaani wastani wa 9 kwa wiki. Kwa matukio yanayojitokeza moja moja bila mpangilio, kama haya yetu, kiasi cha kawaida cha kupanda na kushuka ni kipeuo cha pili cha wastani. Kipeuo cha pili cha 9 ni 3. Zidisha mara tatu, unapata 9. Jumlisha na wastani, mpaka wa juu unakuwa 18. Toa, mpaka wa chini unakuwa 0. Nukta zikicheza humo ndani bila mtindo wowote, mashine inapumua. Wiki ya kijana ilikuwa 16. Wiki ya dawa ilikuwa 7. Zote mbili zilikuwa ndani ya mipaka. Hakuna kitu kipya kilichoharibika wiki ile, na hakuna kitu kilichopona wiki iliyofuata. Wiki iliyopanda sana karibu kila mara hufuatwa na iliyo afadhali, hata usipogusa chochote, kama vile mwanafunzi aliyebahatisha alama za juu kuliko kawaida yake anavyoshuka mtihani unaofuata. Nimesahihisha mitihani miaka 11, hili nimeliona kwa macho yangu. Kijana wa watu aliondolewa kazini kwa sababu mashine ilivuta pumzi.

Hesabu hii haikuanzia kwangu wala kwa baba. Tarehe 16 Mei 1924, Walter Shewhart, aliyekuwa mhandisi wa Western Electric, kampuni iliyotengeneza vifaa vya simu vya Bell huko Marekani, alimpelekea mkubwa wake waraka wa ukurasa mmoja tu, na ndani yake mchoro wa namna hii. Mafundi wao walikuwa wakirekebisha mashine kila waonapo kasoro, na marekebisho yenyewe ndiyo yaliyozidisha kasoro. Shewhart alitaka wajue ni lini waguse na ni lini waache. W. Edwards Deming, mtakwimu wa Marekani, akayafundisha hayo Japani mwaka 1950. Huyo Deming alikuwa na zoezi moja: shanga 4,000 kwenye chombo, 800 kati yake nyekundu, na kibao chenye matundu 50 cha kuchotea. Anawaita watu, anawaamuru wachote shanga nyeupe tupu, kisha anamsifu aliyetoka na nyekundu chache na kumkaripia aliyetoka na nyingi.

Mimi sikuwa na shanga. Nilikuwa na mahindi na maharage.

Nilisubiri hadi kikao cha bodi cha Machi 2019. Niliingia na beseni la plastiki lenye mahindi meupe na maharage mekundu, vikombe vinne vya mahindi kwa kimoja cha maharage, punje zinazokaribiana ukubwa, vimechanganywa vizuri. Nikamwomba kila mjumbe afumbe macho, achote, ahesabu punje 50 bila kuchagua, kisha aniambie maharage ni mangapi. Nikawaambia: haragwe ni hitilafu, kila mmoja wenu leo ni fundi wa mfumo. Wajumbe saba. Wakanipa 8, 13, 6, 11, 9, 15, 10. Nikayaandika ubaoni. Nikauliza, "Tumwongezee nani mkataba, tumnyime nani?"

Mwenyekiti ndiye aliyekuwa na 15. Ni mzee wa heshima zake, mwalimu mkuu mstaafu. Aliangalia maharage yake mezani, akaangalia ubao, akasema, "Mwalimu, mimi nimefanya nini hapa?"

"Hujafanya kitu, mzee wangu. Beseni ndilo lenye maharage."

Chumba kilitulia. Kisha nikabandika ukutani karatasi ya grafu niliyoichora kutokana na zile fomu za 2018, nikawaonyesha nukta ya 16 na nukta ya 7. Sikumtaja mtu. Mwenyekiti alisimama akaikaribia, akatoa miwani, akaisoma mwenyewe mstari kwa mstari. Siku hiyo bodi iliandika kwenye muhtasari kwamba hakuna mtumishi atakayejadiliwa kwa hitilafu za mfumo kabla ya grafu kuletwa mezani. Muhtasari huo ninao nakala yake.

Labda msomaji ataona natetea uzembe, kwamba kila kitu kiitwe pumzi. La hasha. Grafu hiyohiyo ndiyo iliyotusaidia kuukamata ugonjwa ambao bila yake tusingeuona kabisa. Mwaka 2020 ilikuwa imeshabandikwa nyuma ya mlango wangu, natia nukta kila Ijumaa kwa kalamu ya bluu. Zikaja wiki nane hivi: 11, 12, 10, 13, 11, 10, 12, 11. Hakuna hata moja iliyokaribia 18. Kwa utaratibu wa zamani hakuna ambaye angeitisha kikao kwa sababu ya 11. Lakini zote nane zilikuwa juu ya mstari wa kati. Rusha sarafu mara nane uone kama zote zitaangukia kichwa: uwezekano wake ni 1 katika 256. Hapo mashine inakohoa.

Tulitandaza fomu za wiki hizo mezani, tukazipanga kwa aina. Zilizoongezeka zilikuwa za marejesho kwa simu peke yake. Kumbe kampuni ya simu ilikuwa imerefusha namba ya kumbukumbu ya muamala kutoka herufi 10 hadi 12, bila kelele, na mfumo wetu ulikuwa unazikata mbili za mwisho. Miamala miwili yenye herufi kumi za mwanzo zilizofanana ilionekana mmoja. Muuguzi mmoja wa Kilosa, marejesho yake ya miezi miwili yalikuwa yameingia kwa mwalimu wa Mvomero ambaye hakuwa na mkopo hata wa shilingi mia. Rekebisho lenyewe lilikuwa badiliko la tarakimu moja katika mstari mmoja. Kuutafuta mstari huo kulichukua siku tatu. Kujua kwamba kuna kitu cha kutafuta, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya nukta nane.

Njia nyingine tuliyoitumia nilijifunza bwawani. Kaka yangu anafuga perege huko Mkundi, akataka kujua anao wangapi bila kuyamwaga maji. Tulivua 60, tukawakata ncha ndogo ya pezi la mkia, tukawarudisha. Wiki iliyofuata tukavua 50, kati yao 10 walikuwa na alama. Kama kumi kati ya hamsini ni wale wetu sitini, basi bwawa zima lina kama 300. Wataalamu wa samaki wanaitumia hesabu hii tangu karne ya 19, na watu wa programu wakaichukua. Nilipoiandika upya sehemu ya riba, niliwapa wasomaji wawili msimbo uleule, nikawakataza wasisemezane. Wa kwanza aliona hitilafu 12, wa pili 10, na 6 kati ya hizo waliziona wote wawili. Kumi na mbili mara kumi, gawanya kwa sita: 20. Zilizokwisha kuonekana ni 16, kwa hiyo kama 4 zilikuwa bado zimejificha. Hatukuweka sehemu ile kazini siku hiyo. Tulirudia majaribio wiki mbili zaidi, zikapatikana 3. Makisio ni makisio, perege wengine ni wajanja kuliko wenzao, lakini kati ya makisio na kusema "nadhani tumemaliza" mimi nachagua makisio.

Lakini kuna kosa tulilolifanya ambalo napenda wengine wasilirudie, na hili nalieleza kwa urefu maana linatokea kila mahali panapopimwa kitu.

Mwaka 2021 meneja, baada ya kuipenda sana grafu, aliamua kuweka shabaha: hitilafu zisizidi 5 kwa wiki, na wiki ikiwa chini ya hapo, makeshia na mafundi wapewe vocha za muda wa maongezi. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Nukta zikashuka vizuri: 5, 4, 4, 3, 4, 2. Meneja alifurahi, na mimi nilifurahi naye wiki tatu za mwanzo. Kisha nikagundua kwamba fomu zinashuka huku sanduku la maoni la wanachama linajaa. Nikaomba vitabu vya stakabadhi za mkono, zile ambazo keshia anaandika kwa kalamu mfumo ukimgomea. Miezi miwili kabla ya shabaha vilikuwa vimetumika vitabu viwili. Miezi miwili baada yake vilitumika vitano. Makeshia hawakuwa wanasema uongo kwa ubaya. Mmoja alinieleza kwa upole, "Mwalimu, likiwa jambo dogo nalimaliza mwenyewe, naandika stakabadhi ya mkono, nisiwaharibie wenzangu vocha." Hapo grafu ilikuwa imekufa. Charles Goodhart, mchumi wa Uingereza, aliliona jambo hili mwaka 1975 katika sera za fedha za nchi yake: kipimo ulichokitegemea kinavunjika pale unapoanza kukitumia kuwadhibiti watu. Tulizifuta vocha. Idadi ya fomu ikapanda wiki iliyofuata hadi 9, na nakiri sijawahi kuifurahia namba mbaya kama nilivyoifurahia ile.

Siku hizi kanuni yetu ni kwamba anayejaza fomu anashukuriwa hata kama kosa ni lake. Namba hazipandi juu kwa meneja zikiwa na majina ya watu.

Makeshia ndio wanaoumia pale hesabu hizi zisipofanyika, na ushahidi mkubwa kuliko wangu uko Uingereza. Shirika la posta la huko liliingiza mfumo wa uhasibu unaoitwa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, kuanzia mwaka 1999. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha kwenye ofisi ndogo za posta, na wasimamizi wake wakashtakiwa kwa wizi na udanganyifu. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Wengi wao walipopiga simu kuomba msaada waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Desemba 2019 Mahakama Kuu ya huko ikaamua kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu zilizoweza kusababisha upungufu huo, na mwaka 2024 bunge likapitisha sheria ya kuzifuta hukumu. Nikisoma habari zile ninawaza ile "ni wewe peke yako". Kama malalamiko ya ofisi zote yangetiwa nukta kwenye karatasi moja na mtu aliye huru kuisoma, lisingebaki hilo neno la kusema. Hapa kwetu pia keshia akipungukiwa jioni analipa kutoka mfukoni, halafu ndipo mfumo unaangaliwa, kama utaangaliwa.

Narudi kwa ndugu mwandishi na ushauri wake wa kutupa. Mwaka 2022 alikuja kwetu muuzaji mmoja na mfumo mpya, na nakala ya cheti kinachosema kampuni yake imefika ngazi ya tano ya ukomavu katika kutengeneza programu. Ngazi hizo zilibuniwa katika Taasisi ya Uhandisi wa Programu ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, kwa kazi iliyoanzishwa na Watts Humphrey, na ngazi ya nne ndiyo hasa ya kuendesha kazi kwa takwimu. Kwa hiyo nikamwomba kitu kidogo tu: idadi ya hitilafu za wiki 24 kutoka kwa mteja wake mmoja yeyote, jina alifiche. Akasema mfumo wao hauna hitilafu. Nikamshukuru, nikamsindikiza hadi getini.

Kuna wakati mfumo unastahili kutupwa, sikatai. Wastani wenyewe ukipanda mwaka hadi mwaka, na kila unapoziba tundu moja yakatokea mawili, hapo nami nitasaini barua ya kuomba mpya. Wetu ulikuwa na wastani wa 9 mwaka 2018. Tulipozipanga fomu za miaka miwili kwa faili la msimbo zilikotoka, kati ya faili 43, mbili tu, ya riba na ya marejesho ya simu, zilibeba zaidi ya nusu ya hitilafu zote. Tukaziandika upya hizo mbili, 41 tukaziacha zilivyo. Kuziacha nako kulihitaji ujasiri, maana kuna mjumbe aliyetaka tusafishe kila kitu. Mwaka 1984 Edward Adams wa IBM alichapisha uchunguzi wa hitilafu za bidhaa kubwa za kampuni hiyo, akakuta kwamba karibu theluthi ni za kujitokeza kwa wastani mara moja katika miaka 5,000 ya mashine kufanya kazi. Nani atafungua programu iliyotulia kulitafuta tatizo la namna hiyo, wakati kila unapofungua unaweza kuingiza jingine? Mwaka jana wastani wetu ulikuwa 5. Mfumo ni uleule wa 2009, na fedha ambazo zingeununua mpya zimekopeshwa kwa wanachama.

Ombi langu kwako, Mhariri, na kwa waandishi wako: mtu akiwaambia mfumo fulani ni mbovu, au akiwaambia umepona, mwombeni hesabu za wiki 24 kabla hamjaandika. Asiyekuwa nazo, andikeni kwamba hana. Hiyo nayo ni habari, na wanachama na walipa kodi wana haki ya kuijua. Na kwa walio kwenye bodi za vyama kama chetu, grafu hii haihitaji programu ya kununua. Kaunta buku, rula na kalamu mbili zinatosha, na mtoto wa kidato cha pili atawatafutia kipeuo cha pili.

Yule kijana alipata kazi Dodoma mwaka uliofuata. Baada ya kikao cha maharage mwenyekiti alimwandikia barua ya kumwomba radhi kwa niaba ya bodi, akaisaini kwa mkono wake. Jumamosi moja kijana akapita ofisini kunisalimia. Nilimpeleka nyuma ya mlango, maana ile karatasi ya 2018 iko chini ya zote, nikazifunua moja moja hadi tukaifikia. Aliitazama kitambo, akaweka kidole juu ya nukta ya 16.

"Shida yote ile, Mwalimu, kwa sababu ya hii tu?"

"Hiyo tu, mwanangu."

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu, mtunza mfumo
Morogoro